Kadi ya Roza

Jumatatu, 1 Julai 1996
Madebe saba ya kokoto leo. Nilikusudia kumi. Tumbo haliniruhusu kuinama, nagonga mawe nimekaa upande kama muuza karanga. Upepo na vumbi tangu asubuhi. Kipande cha jiwe kimenirukia juu ya jicho, damu kidogo. Nyapara Elikana akasema kama nimechoka nikafie kwetu. Kwetu Kasulu, na kwanza nipate lori la kunifikisha Manyoni kwenye treni. Kufa kwenyewe kunataka nauli.
Namchukia.

Jumatano, 3 Julai
Kliniki ya serikali. Ukutani wameandika kwa rangi nyekundu: huduma kwa wajawazito ni bure. Chini ya maandishi hayo amekaa Nesi Veronika na orodha yake. Glovu jozi mbili. Wembe mpya. Uzi. Pamba. Mpira wa kutandika. Khanga mbili. Beseni. Mafuta ya taa chupa moja, kwa taa yao.
Nikauliza, sasa bure ni ipi?
"Bure ni mimi kukushika. Au unataka na mimi nikudai?"
Wanawake kwenye benchi wakacheka. Washenzi.
Amenipima kwa mikono ya baridi. Kichwa cha mtoto kiko juu, miguu chini. Akauliza kama nimewahi kuzaa. Nikasema mara moja, kule kwetu, nyumbani kwa bibi. Miguu ilitangulia. Mtoto akafa kabla kichwa hakijatoka. Akanikaripia mbele ya watu kana kwamba nilimuua mimi. Kisha akasema hapa hakuna daktari, na gari la wagonjwa halina injini. Niende kwa daktari wa kulipia.
Njia nzima niliona ile miguu midogo.

Jumamosi, 6 Julai
Nimekwenda kwa daktari wa kulipia. Zamani mtu hakuruhusiwa kufungua hospitali yake, siku hizi ruksa. Nyumba nyeupe, sakafu inang'aa, pazia mlangoni. Hawataki beseni wala wembe, wanavyo. Wanataka elfu kumi na tano kabla hujapanda kitandani. Ukipasuliwa, elfu arobaini.
Elfu kumi na tano ni madebe mia tatu. Mtoto hatasubiri hata la mia.
Pazia likafunguliwa, akatoka Nesi Veronika. Yule yule. Akitoka serikalini anakuja huku.
"Karibu mama. Pole na jua, mama. Kaa hapa."
Mama, mama. Hakunitambua, au alijifanya. Nilitaka kumtemea mate.
Wenye barua ya ajira kwenye kambi yetu ya kokoto wanatibiwa pale, wao na wake zao. Wanapewa karatasi yenye muhuri, kampuni inalipa. Sisi wa kulipwa kwa debe hatumo. Festo naye, baba wa mtoto, yuko machimboni upande wa Iramba tangu Februari. Barua moja tu. Hakuuliza hata habari ya tumbo.

Jumapili, 7 Julai
Roza, mke wa nyapara, amekuja chumbani kwangu na uji wa uwele. Ameolewa miaka kumi, hana mtoto. Hapa kila mwanamke ni mama fulani, yeye wakubwa kwa wadogo wanamwita Dada Roza.
Akasema atachukua karatasi ya kampuni kwa mumewe. Nikajifungulie kwa daktari kwa jina lake.
"Jina lina kilo ngapi, Yustina? Unalivaa ukiingia, unalivua ukitoka."
Nikalia. Miaka miwili sijalia mbele ya mtu. Leo kuna mtu mmoja nampenda katika kambi hii.

Alhamisi, 11 Julai
Nimeandikishwa. Nesi Veronika aliita "Roza!" mara tatu nikiwa nimekaa tu. Jirani akanigusa bega. Nesi akanitazama sana, akaandika kadi. Mama: Roza. Baba: Elikana.
Daktari mwenyewe amenipima. Polepole, hana kelele. Kichwa bado kiko juu, lakini akasema nisiogope, yeye yupo. Siku zangu ni kama tarehe ishirini na tano.
Kadi anaitunza Roza. Nimekula nikashiba.

Jumanne, 16 Julai
Roza haendi tena bombani. Anatuma watu maji. Leo nilipita nyuma ya nyumba yake, mlango uko wazi, nikamwona anajifunga khanga tumboni. Moja, mbili, tatu. Juu yake gauni pana.
Kwenye mawe wanawake wanasema, kumbe mke wa nyapara naye! Ameficha kweli! Wanashangilia.
Jioni Elikana akaniambia ukimaliza uzazi tutakupa nauli ya Kasulu. Nikauliza, yangu na mtoto? Akasema, nauli yako.
Nimeisoma kadi ile kwa macho yangu. Darasa la tano linatosha kusoma majina mawili. Niliyasoma na sikuelewa. Mtoto atatoka pale na karatasi ya kuzaliwa yenye majina yao. Nani atanisikiliza mimi, mgonga kokoto, niliyedanganya jina kwa mdomo wangu mwenyewe?
Mjinga mimi. Mjinga mkubwa.

Ijumaa, 19 Julai
Nimemwambia Roza sitaki karatasi yake. Hakukana. Alikuwa anafuma kofia ya mtoto, hakuacha hata kufuma.
"Utampa nini? Kokoto?"
Akavuta uzi wa kofia.
"Wa kwanza ulimuua kwa umaskini. Huyu nampa daktari, nampa maziwa, nampa baba. Wewe una nini?"
Nikasema, nina tumbo. Wewe una khanga tatu.
Akaangusha sindano. Nilifurahi kuona ameumia. Naandika kweli, nilifurahi.
Na naandika hili pia kwa sababu hakuna anayesoma. Nilipofika chumbani niliwaza kumpa. Kwake mtoto angekunywa maziwa. Niliwaza kwa muda mrefu. Kisha mtoto akanipiga teke chini ya mbavu, nikaona aibu.
Mchana Elikana amekataa fungu langu lote la wiki. Eti kokoto kubwa mno. Akalipiga teke. Nisirudi tena pale.

Jumatatu, 22 Julai
Nimeuza blanketi. Nimeuza nyundo na ule mpira wa tairi wa kuzuilia jiwe. Amenunua mama mmoja wa Kigogo niliyekuwa nagonga naye. Hakuomba apunguziwe. Beseni kaniazima.
Nimenunua vyote vya orodha. Glovu jozi mbili, wembe, uzi, pamba, mpira wa kutandika, mafuta ya taa. Khanga natumia zangu. Nimevipanga sakafuni nikavitazama. Daktari hakuna. Kwenye orodha hayumo na dukani hauzwi.
Naogopa. Sili. Bila blanketi baridi ya hapa inaingia mpaka kwenye meno.

Jumamosi, 27 Julai
Naandika nimelala ubavu.
Juzi Alhamisi asubuhi uchungu ulinishika. Nikatembea na beseni kichwani mpaka kituo cha serikali. Nasimama, natembea. Nesi Veronika alikuwa zamu.
"Wewe si Roza?"
"Naitwa Yustina."
"Roza ni nani basi?"
"Ni mke wa mtu."
Akakagua beseni kitu kimoja kimoja, akanusa na mafuta ya taa. Kisha akanipima, uso ukabadilika. Miguu.
Akaanza kunitukana. Mimi, Festo, na Kigoma nzima. "Usisukume! Nimesema usisukume! Unataka kumuua na huyu?" Akapiga magoti kwenye saruji. Miguu ikatoka, kiwiliwili kikatoka, na yeye ameinua mikono juu, hamgusi. Nikapiga kelele amvute. Akanijibu nifunge domo, anayevuta ndiye anayeua. Mtoto akaning'inia pale. Mimi nilishakufa. Kisha akaingiza vidole, akainua, akanitukana mara ya mwisho, na kichwa kikatoka.
Akalia. Mtoto, namaanisha. Mimi pia.
Wa kike.
Mwanamke yule sijui nimweke wapi. Nilikuwa nimeshamweka kwa watu ninaowachukia, alikuwa amekaa vizuri kule. Alitumia jozi moja ya glovu. Ya pili aliitia kwenye mkoba wake na chupa ya mafuta ya taa, saa tisa akaenda kwa daktari wa kulipia. Najua glovu zile atazivaa akisema karibu mama. Azichukue.
Kabla ya kwenda alijaza kadi mpya. Hakuuliza jina la mama, aliandika mwenyewe: Yustina. Kwa baba nikasema Festo, akaandika.

Jumatano, 31 Julai
Leo hakuna upepo sana. Mama wa Kigogo ameleta kuni na nusu debe la uwele. Akiingia anasema mbukwa, salamu ya kwao, nami nimejifunza kuitika.
Roza alikuja mchana. Amevaa gauni lake la zamani, tumbo bapa. Watu wameambiwa mimba imeharibika, wanampa pole njiani. Hakukaa. Aliomba kumwona. Nikamfunua uso, lakini sikumtoa mikononi. Akatazama. Akaweka ile kofia kitandani, akaondoka.
Nilitaka kuichoma. Nyeupe, ina mstari wa kijani. Baadaye mtoto akapiga chafya. Nimemvalisha. Inamtosha.
Kesho kliniki, kupima uzito. Wataita majina. Nitakaa benchi la mbele.