Mstari wa Kahawia Nyuma ya Kadi

Jumatatu, 4 Machi 1985
Nimeandika upya kadi kumi na moja za geti leo. Vumbi la mgodi hadi kwenye chai. Kadi ya Baba Kulwa imekataliwa tena getini, mara ya pili. Nimeipitisha kwenye mashine yangu: tupu, namba yote imefutika. Nikamwandikia upya. Msimamizi akauliza kama kadi inaweza kujifuta yenyewe. Nikasema hapana. Akanipa karatasi, nikaandika kwamba imechezewa, nikatia sahihi. Nilitaka kuwahi chakula.

Jumatano, 6 Machi
Mara ya tatu. Sheria ya hapa kwenye almasi: kadi ikichezewa, mwenyewe anavuliwa na kupekuliwa. Wamemvua Baba Kulwa kibandani pale getini, mlango wazi. Mtu mzima yule. Wakamwinamisha. Aliyeshika tochi ni Limbu, askari, mume wa Kulwa. Mkwe wake! Huku Usukumani mkwe huona haya hata kula mbele ya baba mkwe. Angeweza kukataa. Hakukataa.

Hawakupata hata punje. Wamemsimamisha kazi kwa karatasi yangu. Limbu kapita anacheka na wenzake. Kinyaa kitupu.

Alhamisi, 7 Machi
Sijala. Kadi hizi nilifundishwa Dar wiki mbili nzima. Ule mstari wa kahawia nyuma yake ni unga wa chuma, jamaa ya kutu, umegandishwa kwa gundi. Mashine inaupanga uwe visumaku vidogo, hiki kinatazama huku, kile kule. Upande unapobadilika, huo ni mgeuko. Katika kila nafasi, mgeuko mmoja ni sifuri, miwili ni moja. Zikisomwa kwa mfuatano ndiyo namba ya mtu.

Kinachoandikwa kwa sumaku hufutwa kwa sumaku. Nayajua haya. Sikuuliza hata mara moja yule mzee anafanya kazi wapi.

Mchana nimekwenda kupaona. Kazi yake ilikuwa kukwangua chuma kwenye sumaku kubwa kama pipa, inayotoa vyuma kwenye kokoto. Aliiinamia kutwa. Amri inasema kadi ikae kifuani. Wenzake huacha makoti mlangoni, kadi ndani. Yeye peke yake alitii. Najichukia.

Ijumaa, 8 Machi
Nimechota unga wa chuma pale kwenye pipa. Mbele ya msimamizi nikaunyunyiza kwenye kadi yangu, nikaigongagonga. Vikabaki vistari vyembamba, vimejipanga kama meno ya kitana. Kwenye kadi ya Baba Kulwa unga wote ukamwagika. Kisha nikaenda na msimamizi kwenye sumaku, nikainama na kadi yangu kifuani. Tukarudi, nikanyunyiza. Hakuna hata kistari.

Amesema basi, mzee arudi kazini, na nisilitangaze. Neno samahani halikumtoka. Kilichomuudhi ni kwamba nimemchafulia meza. Siwezi kumtazama usoni yule msimamizi.

Jumatatu, 11 Machi
Baba Kulwa amekuja asubuhi. Nikasimama, nikamwamkia. Akaitikia kwa upole. Nilikuwa nimemwekea kadi mpya mezani. Hakuigusa.

"Binti, kazi wamenirudishia. Pale getini kwa Limbu nitapitaje?"

Geti ni moja tu. Kulwa amerudi kwao tangu Jumamosi, hamtaki tena mwanamume aliyemmulika baba yake.

Ameomba kalamu. Akajaza fomu ya kuacha kazi, herufi moja moja. Nikamwambia ile karatasi niliiandika mimi. Akasema anajua, walimsomea.

Kalamu amenirudishia kwa mikono miwili.