Bega la Kushoto la Mama

Dukani, chumba cha nyuma,
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi. Vipi hali yako, vipi kazi, na lile goti lililokuwa likikusumbua kwenye ngazi? Wifi hajambo? Na mtoto, ameshaota meno? Sisi... ngoja kwanza. Hapa ndipo huwa naandika "sisi sote hatujambo". Leo kalamu imegoma, na utaona sababu.

Kwanza cheka. Najifunza kuchora katuni za Kijapani, zile wanazoziita anime. Ndiyo, mimi, na umri huu! Wateja vijana wananiletea picha kwenye simu: nishonee koti kama la huyu mwenye nywele za buluu na kiuno cha nyigu. Moja nililishona kwa kukisia, mikono yake ikafika magotini. Nikaona bora nijue hao watu wameumbwaje, nikajiandikisha kwa mchora mabango wa mtaa wa pili.

Nilidhani ni macho makubwa tu, basi. Wapi! Mwezi mzima hakuturuhusu kuchora jicho hata moja. Anasema anayetaka kuchora mtu wa kubuni aanze na mtu wa kweli: mstari wa mabega, mstari wa nyonga, na kichwa ndicho kipimo. Mtu mzima ni vichwa saba na kitu. Siku ya kwanza nilivua futi shingoni nikaanza kumpima mwenzangu kichwa, darasa zima likavunjika mbavu.

Mwezi uliopita alitupa kazi ya kumchora mtu wa nyumbani ameketi. Nikamchora mama akishona vifungo dirishani. Kila kitu kilikaa vizuri, ila bega la kushoto lilishuka. Nikafuta. Nikachora upya, likashuka tena. Unakumbuka kwa nini uliniita Kifutio? Karatasi niliitoboa vilevile nilivyotoboa madaftari ya darasa la pili. Mwishowe nililiinua bega kwa nguvu, mabega yakawa sawa kama rafu, nikapeleka.

Mwalimu akaweka kidole palipotoboka.

"Hapa ulikuwa unafuta nini?"

"Kosa, mwalimu. Bega lilikuwa linaniangukia."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Dada yangu, mkono haukosei mara tatu mahali pamoja. Nenda kamtazame vizuri mama yako."

Kaka! Nilirudi mbio, nikafungua daftari la vipimo kwenye ukurasa wa gauni alilovaa kwenye harusi yako. Nikamwambia asimame, namshonea jipya. Nikashusha futi kutoka begani hadi sakafuni. Kulia, namba ileile ya harusi. Kushoto, pungufu inchi moja na nusu. Nikapima tena, nikiomba niwe nimekosea.

Kisha nikamwomba anitungie uzi. Akaibana sindano kwa meno. Mama, ambaye alikuwa akitunga uzi huku anagombana na wateja, bila hata kutazama! Kumbe mkono wa kushoto haushiki vizuri tangu Januari. Na mimi nakaa naye meza moja, kazi yangu ni kupima miili ya watu! 

Daktari anasema ni kiharusi kidogo kilichopita kimyakimya, na kingine kinaweza kuja bila hodi. Dawa ameanza. Lakini yeye aliyetufundisha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, ameniapisha nisikuambie, eti utaacha kazi bure. Zile barua zote za "hatujambo" alinitamkia yeye, nami nikaandika kama mjinga. Nimevunja kiapo. Njoo, Kaka, usingoje mwisho wa mwaka. Naogopa.

Bahashani kuna picha mbili. Ya juu ameiagiza mwenyewe: mama kama mtu wa anime, macho kama sahani, mabega sawa. Imependeza, sikatai. Ya chini nimemchora upya pale pale dirishani, na sikufuta kitu. Hiyo ndiyo uitazame.

Msalimie sana wifi, umbusu mtoto kwa niaba ya shangazi yake. Mjomba anakusalimu, na jirani yetu muuza vitambaa pia. Mungu akulinde njiani, maana najua utakuja.

Mama naye anakusalimu. Amesimama mlangoni, ameegemea kulia, ananiambia nisisahau kuandika kwamba hajambo. Haya, nimeandika.

Dada yako akupendaye,
Kifutio