Ukuta wa Kihenge

Jumatatu, 24 Oktoba
Leo napima nyufa, ukuta wa mashariki. Mimi ndani ya kihenge, shemeji Paulo nje. Kichwa cha mashine nilichoshika kinatuma wimbi la sauti, alichoshika yeye kinalipokea. Zege likiwa zima, wimbi linapita upesi. Penye ufa linachelewa. Hadi mchana hakuna tatizo. Ila grisi ya kupaka vichwa imekwisha, na vikavu havisomi.

Jumanne, 25 Oktoba
Karakana ya matrekta nayo haina grisi. Paulo kapata samli kwa mama mmoja mfugaji. Tukapaka hiyo. Chini, juu ya handaki la kutolea ngano, wimbi linachelewa mno. Nimerudia. Vilevile. Paulo na wenzake ndio watakaofanya kazi humo handakini.

Jumatano, 26 Oktoba
Meneja wa shamba kacheka. Eti nimepima samli, sikupima zege. Vibarua nao wakacheka. Ngano yote iko nje chini ya maturubai, mawingu yameufunika mlima Hanang. Anataka saini yangu waanze kujaza. Jioni nimepaka samli ileile kwenye chuma cha kurekebishia mashine. Kimesoma inavyotakiwa. Samli haina kosa. Afadhali ingekuwa nalo.

Ijumaa, 28 Oktoba
Nimekataa kusaini. Paulo kaja nyumbani, hakukaa.
"Shemeji, kihenge kimesimama miaka yote. Ngano ikioza, tutakula hiyo mashine yako?"
Mke wangu kamsindikiza, ni kaka yake. Paulo alipoondoka nimeshika kalamu. Nilitaka kusaini, nasema kweli. Naogopa kukosea huku, naogopa kukosea kule. Mungu nisaidie.

Jumapili, 30 Oktoba
Mvua. Imeanza tukiwa kanisani. Upepo umepasua maturubai. Nimebeba magunia pamoja na watu mpaka mabega yakachubuka. Hakuna aliyesema nami. Ningekuwa wao, nisingesema pia.

Jumamosi, 12 Novemba
Ngano imechipua kwenye magunia. Wanawapa ng'ombe. Kihenge kimesimama wima, kitupu. Hakitajazwa, kwa hiyo hakuna atakayejua kama nilikuwa sahihi. Hata mimi.

Asubuhi Paulo kapita, mwanawe mabegani, wanakwenda Endasak. Nikampa shikamoo. Hakuitikia. Mtoto ndiye aliyegeuka akanipungia mkono. Nimesimama mlangoni nikiwatazama mpaka walipokata kona.