Upande wa Nyuma wa Amerikani

Jumatatu, 1 Desemba

Sura: kile ambacho mtu mwingine anakitambua usoni. Uso ni eneo tu: paji, macho, pua, mdomo, kidevu. Uso hupimika kwa rula. Sura haipimiki, kwa kuwa inahitaji watu wawili, mwenye nayo na anayeitazama. Naiandika tofauti hii kwa sababu Mama alinikosoa jana. Nilimwambia nimemaliza nyuso tatu za wanasesere. Akasema nyuso si kazi, kazi ni sura.

Leo nyuso mbili. Jumla tano kati ya kumi na mbili.

Utaratibu, nisije nikausahau. Amerikani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa, hulowekwa katika kahawa nzito kutwa nzima, kisha huanikwa mpaka ipate rangi ya udongo mkavu, na mabaka yasiyo sawa. Mama anayataka mabaka. Kichwa ni vipande viwili. Nyusi, pua na mdomo hushonwa kwa uzi mweusi. Macho ni vifundo viwili vya uzi huohuo. Mashavu ni ngola, ule unga mwekundu wa mti, hupakwa kwa ncha ya kidole. Nywele ni rafia. Hakuna kope, hakuna meno.

Nimeboresha jambo moja. Mama alikuwa akichora kwa penseli upande wa mbele, na alama zilibaki. Mimi nachora upande wa nyuma na kushona nikiufuata mstari huo. Mbele panabaki safi. Mchoro nimeunakili kwa karatasi angavu kutoka kwa mwanasesere pekee wa zamani aliyebaki nyumbani. Huko Yangambi, kwenye kituo cha utafiti, kazi yangu ni kupanga mimea iliyokaushwa. Mkono umezoea kunakili.

Jumatano, 3 Desemba

Kipimo cha shinikizo la damu la Mama: juu asubuhi, juu kidogo jioni.

Tangu kiharusi cha mwezi wa nane hajavuka lango. Mdomo umeshuka upande wa kushoto. Mkono wa kushoto hauna nguvu. Daktari alisema mdomo huenda ukarudi, huenda usirudi. Sentensi isiyosema lolote. Mama anaufunika kwa kitambaa cheupe, akikishika kwa mkono wa kulia mchana kutwa. Kioo cha sebuleni kiliondolewa kwa amri yake. Rafiki zake walikuja mara mbili, akazungumza nao akiwa nyuma ya pazia. Hawaji tena.

Kila Noeli, baada ya misa ya asubuhi, Mama huwagawia pupe, wanasesere hawa, watoto wadogo wa shirika letu, yaani familia za Kikristo za barabara hizi tatu. Huzitoa kanisani mbele ya pango la Noeli, kwa mkono wake, akimwita kila mtoto kwa jina. Siku ya Watakatifu Wote nilimuuliza kama mwaka huu tumwachie mtu mwingine. Akajibu kupitia kitambaa:

"Pupe zikikuwa tayari, nitatoka."

Sharti ni hilo moja. Nimechukua likizo yangu yote. Asipotoka Noeli, sioni siku nyingine itakayomtoa. Ninaogopa.

Jumamosi, 6 Desemba

Miili inashonwa na jirani yetu, Mama Zaina, Mwislamu aliyekuja hapa kutoka Kindu miaka mingi iliyopita. Anaijaza sufi mpaka inakuwa migumu kama mkate wa juzi. Nyuso hazishoni, huunganisha vichwa tu. Baba yake alimfundisha kwamba atiaye macho ataambiwa siku moja atie na pumzi. Analisema bila ukali, kama mtu anayeeleza kwa nini hali samaki fulani. "Macho ni ya weye, Docta. Miye nafanya tumbo." Docta ni mimi, daktari wa mimea.

Leo alinitazama nikipima nafasi kati ya vifundo viwili. Akasema ninapima pupe sawa fundi anapima suruali ya député, yaani mbunge. Sikucheka. Baadaye, peke yangu, nilicheka.

Desturi ya Mama: uso usiokamilika haufunuliwi. Vichwa hulala kifudifudi kikapuni chini ya liputa, kitenge cha kujifunga, mpaka kazi yote iishe. Hata yeye mwenyewe haviangalii kabla ya hapo. Naifuata, ingawa sababu yake sikuwahi kupewa.

Jumanne, 9 Desemba

Mvua. Kitambaa hakikukauka. Sura: hakuna.

Jumatano, 10 Desemba

Alfajiri nilimsikia Mama kupitia ukutani. Nilidhani anasali. Alikuwa akijifunza majina ya watoto. Herufi zinazohitaji midomo miwili kufungana zinamponyoka: p, b, m. Jina la Bibiche aliliweza baada ya mara nne. Merveille, mara sita. Plamedi alimshinda. Alijaribu, akajaribu tena. Kilichotoka kilikuwa Flamedi.

Nilikaa kitandani na mikono masikioni. Ni jambo lisilo na faida yoyote, nami nililifanya.

Jumapili, 14 Desemba

Papa Anselme, katekista, alipita baada ya misa. Aliuliza kwa heshima kama Mama atakuja kanisani au watoto waletwe hapa. Mama alijibu kutoka nyuma ya pazia kwamba pupe haziletewi watoto, na watoto hawaletewi pupe, wanakutana mbele ya pango. Papa Anselme aliinamia pazia kana kwamba linaona.

Vichwa kumi. Naona mishono tu sasa. Nikifumba macho naona mishono.

Jumatano, 17 Desemba

Nimemaliza. Kisha nimegundua.

Vichwa kumi na viwili vimeunganishwa na miili. Niliwaketisha wote mezani, mgongo ukutani, nikarudi nyuma hadi mlangoni niwaone kwa pamoja. Ni mara ya kwanza kuwatazama kwa umbali unaozidi urefu wa mkono.

Midomo yote kumi na miwili imeshuka upande wa kushoto.

Maelezo ni rahisi, na hilo ndilo linaloniumiza. Mama alikuwa na tabia ya mkono: midomo aliyoishona ilishuka kidogo, daima upande wa kulia wa mwanasesere. Mimi niliichora mistari hiyo kwa uaminifu, lakini upande wa nyuma wa kitambaa. Kinachochorwa nyuma hutokea mbele kimegeuzwa. Kulia kumekuwa kushoto. Kwa ajili ya usafi wa penseli nimeushona, mara kumi na mbili, mdomo wa Mama wa mwezi wa nane.

Mama Zaina aliingia, akasimama karibu nami. Nilimuuliza kama aliona alipokuwa akiunganisha vichwa. Aliona tangu cha kwanza.

"Nilijua unamufanya mama yako. Nikasema, kumbe huyu wa mavitabu iko na roho."

Niliwafunika.

Alhamisi, 18 Desemba

Nilimfumua mmoja. Uzi ulitoka, matundu yakabaki. Amerikani iliyolowekwa kahawa haijifungi. Mdomo ulipokuwa pana safu ya vitobo, kama ngozi iliyougua ndui. Huwezi kumpa mtoto uso huo. Nikaushona upya kwenye vitobo vilevile, yaani nikalirudia kosa kwa makusudi.

Ijumaa, 19 Desemba

Nimepata kipande kingine cha amerikani. Kuloweka kutwa, kukausha siku mbili kama jua litakuwepo. Vichwa viwili kwa siku. Hesabu haifiki, hata kwa jua la kila siku.

Mama aliuliza kama kazi imekwisha. Nilisema bado nywele. Nywele zilikwisha Jumatatu. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomdanganya. Ulimi ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia.

Kipimo cha jioni: juu sana. Nilipima mara tatu nikitafuta kilicho chini.

Jumapili, 21 Desemba

Mama aliingia mwenyewe chumba cha kushonea. Nilikuwa uani naanika. Nilisikia mguu wake ukiburuzwa sakafuni, nikajua, na sikukimbia, kwa sababu sikujua ningesema nini nikifika.

Alikuwa ameiondoa liputa. Alisimama mbele ya kikapu, kitambaa cheupe mdomoni. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine kama anavyosoma orodha. Alimchukua mmoja, akambana kwapani, akarudi chumbani na kufunga mlango.

Hakula mchana. Hakula jioni.

Jumatatu, 22 Desemba

Asubuhi aliniita akaomba kioo. Nilikichukua juu ya kabati, nikapangusa vumbi la miezi minne, nikamshikia. Alimwinua mwanasesere kando ya shavu lake. Kwa hiyo kitambaa kilishuka. Aliangalia muda mrefu: kioo, mwanasesere, kioo.

"Uliniweka humu."

Haikuwa lawama. Sauti yake ilikuwa na kitu ambacho sijakisikia tangu kiharusi, nusu ya kujivuna. Ningeweza kunyamaza. Mtu mwingine angenyamaza.

Nilimweleza ukweli. Penseli, upande wa nyuma, kugeuka kwa kulia na kushoto. Nilieleza kwa ukamilifu, hata nikamchorea mfano kwenye kiganja changu.

"Kosa?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Zote kumi na mbili, kosa?"

Nikasema ndiyo, Mama.

Alimlaza mwanasesere kitandani, uso chini, akachukua kitambaa chake. Nilitoka. Nimekuwa mkweli na nimefanya ubaya. Sijui kama hayo ni matendo mawili au moja.

Jumanne, 23 Desemba

Alfajiri Mama hakujifunza majina. Nilikaa karibu na ukuta nikisubiri kusikia hata Flamedi.

Kitambaa kipya kimekauka. Sina nguvu ya kukikata.

Jumatano, 24 Desemba

Mama Zaina alikuja na sambusa zilizotoka kwa jirani zake wanaosherehekea Noeli, ndivyo alivyosema, kama vile si yeye aliyezikaanga. Aliingia kwa Mama bila kubisha. Nilimsikia akisema kwamba dada wa watu kapotea njia gizani na bado kafika nyumbani, sasa anagombezwa kwa sababu hakujua njia.

Jioni niliona viatu vya Mama vimetolewa chini ya kitanda, vimewekwa sambamba. Sikuthubutu kuuliza. Nimewafunga wanasesere wote kumi na wawili ndani ya liputa. Nimeongeza na yule wa zamani, kwa kuwa Mama alimwonyesha kwa kidole.

Alhamisi, 25 Desemba. Noeli

Alitoka.

Tulikwenda kwa miguu, polepole, mkono wake wa kushoto ndani ya wangu, mkono wa kulia na kitambaa mdomoni. Watu walimsalimu. Alijibu kwa macho. Kanisani alikaa nyuma. Nilihesabu pumzi zake wakati wa mahubiri na sikusikia mahubiri.

Baada ya misa Papa Anselme aliwapanga watoto mbele ya pango. Mama alisogea. Nilishika kikapu. Hapo nikaona kile ambacho sikukipigia hesabu, mimi niliyepiga hesabu ya kila kitu. Ana mkono mmoja mzima. Mkono huo umeshika kitambaa. Kumpa mtoto pupe kunahitaji mkono.

Naye aliliona. Alisimama. Nilitaka kumwambia nitazitoa mimi, na maneno yalikuwa tayari. Wanawake wa shirika walitazama sakafu kwa adabu.

Alikiweka kitambaa kikapuni. Akamchukua mwanasesere wa kwanza.

Bibiche akaenda, akapokea. Merveille akaenda. Watoto walimtazama Mama, wakawatazama pupe wao, wakarudi mahali pao. Hakuna aliyeshangaa. Wa tano alikuwa binti mwenye meno mawili yaliyong'oka.

"Flamedi," Mama akaita.

Hakuna aliyesogea. Mama akaita tena. Yule binti akasema, "Miye ni Plamedi."

"Ndiyo ile nimesema."

"Koko amesema Flamedi," binti akamwambia bibi huyo.

"Basi kuja, wewe mwenye P."

Watu walicheka, na Mama alicheka nao. Upande mmoja wa uso ulipanda, mwingine ukabaki. Kilikuwa kicheko.

Wanasesere kumi na wawili walikwisha na mtoto mmoja alibaki, wa familia iliyohamia mwezi uliopita kutoka Banalia. Hakuwa kwenye orodha yangu. Mama alikuwa anajua. Alimpa yule wa zamani.

Jumapili, 28 Desemba

Kipimo: kama kawaida. Mdomo: kama kawaida. Kioo kimerudi sebuleni. Mama ameketi langoni anachambua maharagwe kwa mkono mmoja, na Mama Zaina anamwambia anayachanganya na mawe. Kitambaa cheupe kimefuliwa, kiko kwenye kamba.

Ameagiza amerikani ya mwakani inunuliwe mapema.

Leo nimepanga vifaa. Kipande kipya kipo, kimekauka vizuri, mabaka mazuri. Mwanasesere wa zamani hayupo tena, amebaki mchoro. Nimeuinua dhidi ya dirisha. Karatasi angavu haina mbele wala nyuma. Mdomo unashuka kulia, nikiigeuza unashuka kushoto, na mistari ni ileile. Mwezi huu nilishona bila kuona, na wote wakatambua isipokuwa mimi. Nikichora tena nyuma, sasa nikijua, je, itakuwa ile sura, au nitakuwa nimenakili tu uso? Na nikichora mbele, ninamrekebisha nani?

Penseli imechongwa. Nichore upande upi?