Insha Yangu kwa Jina la Mutheu

Jumamosi, 8 Machi
Nguo nimefua. Maharagwe yako motoni. Insha ya chuo imeisha: kurasa sita kuhusu takataka za mtaa wetu wa Jericho, nani anazoa na nani anatupa mtaroni. Mutheu alipitia hapa akitoka mazoezi ya kwaya yetu; mimi leo sikwenda. Anakaa mtaa wa Tena, tuko darasa moja, na kompyuta yake iliharibika, kwa hivyo hutumia yangu. Akaingia kwenye mtandao wa chuo, akatuma insha yake, akakimbia. Mtoto wake ana homa. Hata chai hakumaliza. Nikakaa kwenye kiti hicho hicho nikatuma yangu. Mwisho wa kutuma ni kesho usiku. Mara ya kwanza maishani nimewahi. Najisikia mtu.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya kanisa nimeingia mtandao wa chuo kwa simu. Insha yangu haipo. Eti sijatuma chochote. Nikalaumu intaneti, nikawasha kompyuta, mtandao ukanidai niingie upya, nikaingia kwa jina langu, nikatuma tena. Imepokelewa. Siogopi. Basi, naogopa kidogo.

Jumatatu, 10 Machi
Barua pepe ya chuo ilinikuta kazini, kwenye stoo ya Industrial Area, nikipanga makopo ya rangi. Insha yangu inafanana neno kwa neno na ya mwanafunzi aliyetuma kabla yangu. Nifike mbele ya kamati ya nidhamu Ijumaa. Anayeiba kazi ya mwenzake hufukuzwa chuo. Nilijifungia chooni nikaisoma tena. Nimeiba kwa nani? Nimeiandika mwenyewe, kwa kichwa changu!

Jumanne, 11 Machi
Nimeelewa. Heri nisingeelewa. Mutheu alipokimbia Jumamosi hakutoka kwenye akaunti yake. Nami sikuangalia jina lililo juu. Nilituma insha yangu ndani ya akaunti yake, ikafuta yake, ikakaa mahali pake. Kwa hivyo machoni pa chuo insha ni ya Mutheu, mwizi ni mimi. Ujinga mtupu, na ni wangu.

Nimempigia. Hapokei. Nimemwandikia ujumbe nikaeleza kila kitu. Ameusoma. Kimya.

"Mwalimu, mbona huli?" Baba ameniuliza. Ananiita hivyo tangu nijiunge na chuo, na amewatangazia wazee wote aliofanya nao kazi kaunsili ya jiji. Nikamwambia ni tumbo.

Jumatano, 12 Machi
Bado kimya. Mawazo mabaya yameanza. Mutheu hahitaji hata kudanganya. Akinyamaza tu, anapata alama zangu na mimi natupwa nje. Tumeimba safu moja miaka yote hii, na leo namwogopa kuliko kamati.

Kutoka kazini nilienda Tena. Binti yake alifungua mlango nusu.

"Anti, mum hayuko."

Viatu vya Mutheu vilikuwa hapo hapo mlangoni. Nikasema sawa, nikageuka. Kwa hivyo ameamua kuniacha nizame.

Alhamisi, 13 Machi
Sijala. Stoo nimepeleka rangi ya mafuta kwa mteja wa rangi ya maji. Nimeomba Mungu, nimemtukana Mutheu, nimeomba Mungu tena. Kesho.

Ijumaa, 14 Machi
Watu watatu nyuma ya meza. Mutheu alikuwa ameshaketi, macho sakafuni. Hakunisalimia. Mimi ndiye niliyeulizwa kwanza. Nikaeleza, na hata masikioni mwangu maneno yalisikika uongo. Mwenyekiti akamgeukia Mutheu. Mutheu akaendelea kutazama sakafu. Nikajua nimekwisha, nikaanza kupanga nitamwambiaje Baba.

"Hiyo si yangu," akasema. "Yangu ilikuwa page tatu tu. Na haikuwa nzuri hivyo."

Tumeonywa sote wawili. Yangu itasahihishwa. Yeye atatuma upya na kukatwa alama za kuchelewa. Nikawaambia kosa ni langu, wanikate mimi. Wakasema wamemaliza. Mutheu akaondoka kabla sijamfikia.

Jumapili, 16 Machi
Mutheu amekuja kutuma insha yake. Sikumtarajia. Nikampa kiti, nikajifanya nina kazi jikoni. Alipomaliza nikaleta chai na kumuuliza mbona alinikimbia wiki nzima.

"Nilikuwa nakuogopa," akasema. "Kazi yako ilikuwa kwa hiyo laptop, na mimi ndio nilikuwa nimekaa hapo kabla yako. Ungesema nimekuibia, nani angekubishia? Ile message nilidhani unanitega. Nikaambia watoto waseme siko."

Nikaweka kikombe mezani. Mimi! Mtu ananiogopa mimi, na nilivyokuwa namwogopa yeye! Nikamwambia pole. Naye akasema pole. Chai ilikuwa imeshapoa, tukainywa hivyo hivyo.