Namficha Mume Wangu Sukari ya Mimba, na Ijumaa Tumealikwa Tena

Shangazi Hafidha, shikamoo. Barua hii nimeiandika kwenye simu mara tatu nikaifuta, leo naituma kabla moyo haujageuka, na unisamehe maneno yakipandana maana shule niliishia kidato cha pili nikaolewa.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na mitatu, kwetu Unguja, sasa naishi Guangzhou, hapa Xiaobei, na mume wangu Haidar ambaye amefungua ofisi yake ya kusafirisha mizigo pale jengo la Tianxiu. Tuna mtoto mmoja, Najat, miaka mitatu, na wa pili yuko tumboni, miezi sita na nusu. Najat nilimzaa nyumbani baba yake akiwa huku, alimjua kwenye simu tu, mpaka mtoto anakaa mwenyewe ndiyo akampakata, na siku hiyo Haidar alilia palepale uwanja wa ndege, akaniambia, "Mama Najat, wa pili nitakuwepo." Mimi nimekuja huku kwa neno hilo, Shangazi, ndilo ninalolala nalo.

Sasa wiki tatu nyuma kliniki walininywesha maji ya sukari, wakanitoa damu mara tatu, daktari akaandika kwenye simu yake ya kutafsiri, nikasoma: sukari ya ujauzito. Akaniuliza wa kwanza alizaliwa na kilo ngapi, nikamwambia nne na nusu, tena kwa fahari, maana kwetu walipiga vigelegele kwamba mtoto kazaliwa kama wa miezi miwili, lakini yeye hakucheka. Akanipa kipimo cha kuchoma kidole na karatasi ya chakula, akasema nirudi baada ya wiki moja. Sikurudi.

Haidar sijamwambia kwa sababu jirani yetu alipata presha ya mimba mwaka jana, mumewe akamrudisha nyumbani na tumbo lake, na Haidar akasema mbele yangu, "Bora. Kuumwa ugenini ni mtihani. Wangu akiumwa, tiketi siku hiyohiyo." Basi nikisema tu, nitapandishwa ndege, na huyu naye atamjua baba yake kwenye simu. Nikajisemea nitakula kwa uangalifu humu ndani, hakuna atakayejua, na humu ndani naweza, balaa ni karamu.

Mwenye kiwanda cha jinzi kule Xintang, ambaye Haidar anamsafirishia mizigo, sisi tunamwita laoban, yaani bosi, juzi alitualika kuisherehekea ofisi mpya kwenye mkahawa wa Kimeksiko, maana anapenda pilipili na anaona pale sote tunakula. Wifi yangu Swalha, dada yake Haidar, ndiye mwenye kuulizia, akamwita mhudumu, "Nguruwe? Pombe?" Mhudumu akasema "mei you, mei you," hakuna, na cheti cha halali akatuonyesha ukutani. Swalha akanigeukia, "Haya wifi, halali tupu, kula wewe, mko wawili." Zikaja chipsi za mahindi zimemwagiwa jibini, na vile vichapati vya kukunja vyenye nyama ndani, jina lake kwetu ni la kiungo cha kukalia, naona haya kuliandika, wanaume walilicheka mpaka laoban naye akacheka hajui anacheka nini. Kikaja na kinywaji cha mchele, maziwa na mdalasini, mimi nikajua ni maziwa, yananifaa, nikanywa glasi tatu.

Na huyo laoban, Shangazi, mkono wake haupumziki. Mimi nimefundwa kwamba chakula cha mwenyeji hakisazwi, kwa hiyo namaliza, yeye akiona sahani nyeupe anajaza kwa mkono wake, namaliza, anajaza, na Haidar ananitazama kwa furaha kwamba mke wake anamtoa aibu mbele ya bosi.

Saa mbili zilipopita, nikaenda chooni nikapima. Kumi na mbili nukta nane, na daktari aliandika saa mbili baada ya kula isizidi sita nukta saba. Nimekishika kidole, Swalha huyo kaingia.

"Una nini kidoleni?"

"Pini ya mtandio."

"Pini gani hiyo inayowaka taa?" Kipimo kilikuwa juu ya sinki kinawaka.

Akakitazama, akarudi mezani. Jana kaja nyumbani, Najat kampakata, kaniambia, "Wifi, mimi si mtoto mdogo. Utamwambia wewe au nimwambie mimi? Mwisho Ijumaa."

Na Ijumaa hiyohiyo laoban katualika tena, palepale, kontena la kwanza la Haidar limefika Dar salama. Nisipokwenda dharau, nikienda nisile dharau, nikila namdhuru huyu ambaye saa hii ninavyoandika ananipiga teke. Nifundishe namna ya kula pale bila kujulikana, Shangazi, na unieleze nimnyamazishe vipi Swalha mpaka nijifungue. Inshallah naamini inawezekana.

Mama Najat, Xiaobei

Shangazi Hafidha anajibu

Marahaba, mwanangu. Barua za wenzako zilikuwa mbele, yako nimeirusha foleni kwa sababu Ijumaa haingoji zamu.

Pole. Kupata sukari ya mimba si kosa lako wala hukuileta kwa glasi tatu. Inawapata wengi, na wanaosimamiwa vizuri wengi wao huzaa salama. Kosa lako ni lile neno fupi uliloliandika ukalipita mbio: "Sikurudi." Wiki tatu una kipimo mkononi, kinakupigia kelele, nawe unakificha kwenye mtandio! Kwa nani? Mtoto ndiye anayekula unachokula, huyo humfichi kitu.

Haya, mezani. Mliuliza nguruwe, mkauliza pombe, sukari hamkuuliza. Mola ametuambia tule kilicho halali na kilicho kizuri, ninyi mkafika kwenye halali mkaketi. Kile kinywaji cha mchele ni wanga na sukari, wewe kwako si maziwa. Ijumaa agiza maji na ndimu, glasi ibaki imejaa mbele yako, hakuna atakayekumiminia kingine. Omba samaki au kuku wa kuchoma, maharage yasiyokaangwa, parachichi la kuponda, kachumbari nyingi, na hivyo vichapati vilivyokutia haya viwe viwili vidogo, vilaini, visivyopitia mafuta. Chipsi zisogeze kwa Swalha. Wala usiende na njaa ukidhani unabana, mwenye njaa hana adabu mezani.

Kuhusu laoban, mafunzo ya kwenu ni mazuri lakini huko yanakuponza. Kwake sahani tupu maana yake mgeni hajashiba. Bakiza. Acha nusu ya samaki, mshukuru, weka mkono tumboni, mwanamke mwenye mimba ya miezi saba kasoro hahitaji mkalimani. Mkimaliza, tembea na Najat kidogo kabla ya kupanda gari.

Lakini hayo nimekupa ili ule vizuri. Sikukupa ili ufiche vizuri. Hilo la "bila kujulikana" sikusaidii.

Swalha pia sikusaidii kumnyamazisha. Kajua, hajasema kwa mtu, kakupa siku uanze wewe. Adui hatoi siku, mwanangu. Mshukuru, umwombe akae na Najat Alhamisi.

Maana Alhamisi unakwenda kliniki na Haidar. Mwambie kesho kabla hajatoka kwenda Xintang, akiwa amekaa, chai iko mkononi. Usianze na "usinirudishe," utamtia wazo. Sema, "Nina sukari ya mimba, nilikuficha kwa sababu nataka uwepo nikijifungua, na daktari alinitaka nirudi, Alhamisi twende wote." Halafu nyamaza, umwache akasirike kama atakasirika, ana haki kidogo. Yale ya tiketi aliyasema juu ya mke wa mwenziwe, na juu ya mke wa mtu kila mmoja ni daktari. Kama unafaa kupanda ndege au hufai, aulize kliniki mbele yako, asikie kwa masikio yake. Siwezi kukuahidi kwamba hatakata tiketi. Ninachokijua ni kwamba mwanamume aliyelia uwanja wa ndege kwa kumkosa wa kwanza anastahili kuambiwa wa pili yuko hatarini, na kuwepo kwake kunaanza hapo. Hakungoji siku ya uchungu.

Dawa usimeze wala usichome ya mtu mwingine, hata akiwa na sukari miaka ishirini. Namba zote ulizopima ziandike, hata hiyo ya chooni, umpe daktari.

Na huyo anayekupiga teke mhesabu kila siku. Akipunguza kucheza, iwe leo, iwe katikati ya karamu laoban amesimama anatoa hotuba, usiniandikie mimi. Inuka, mshike Haidar mkono, nendeni hospitali.