Herufi Kubwa za Askari

Mjukuu wangu Nabirye,

Kwa heshima zote natangaza kwamba jogoo wetu sasa analala sebuleni. Bibi yako hajambo, ndiye aliyemruhusu.

Unauliza kwa nini nasoma barua taka kabla ya kuzifuta. Vita vya kaskazini mwa Uganda vilipokuwa vikiisha, nilisimamia seva ya barua pepe ya kituo kimoja cha intaneti mjini Mbale. Chujio la seva lilitupa kwenye taka kila barua ya herufi kubwa tupu, maana matapeli hupenda kupiga kelele. Mama mmoja kutoka mlima Wanale alikuja kila asubuhi kuulizia barua ya mwanawe askari aliyekuwa vitani.

“Bwana, mashine yako bado imenuna?”

Ndipo nikakumbuka kwamba askari huandika barua kama ujumbe wa redio, herufi kubwa mwanzo hadi mwisho. Nikafungua folda ya barua taka.

“MAMA NIKO HAI.”

Mama yule akakaa chini, akaniomba nimsomee yote. Mengine yalihusu soksi.

Babu yako